25 Mei: mbogi yote haikutokea, akatokea mtu mmoja nisiyemngoja

Wakuu, niaje.

Hii si hekaya ya kutafuta likes na sijaongeza chumvi hata kidogo. Naandika hapa kwa sababu nyumbani hakuna mtu wa kuambia.

Watu wa boli mnaijua hii tarehe. Ile fainali ya Ulaya ya 2005, timu iko chini tatu bila halftime, wasee wamezima TV wamelala, asubuhi wanaambiwa ilirudisha zote na ikashinda kwa penalty. Ni 25 Mei hiyo.

Ile ya Wembley 2013, Wajerumani kwa Wajerumani, goli likaingia dakika za mwisho kabisa. 25 Mei.

Hata Waskoti walipochukua kombe la Ulaya kule Lisbon, wengi wetu bado hatujazaliwa, ilikuwa 25 Mei. Ukitaka kubishana, ingia Google.

Lakini yangu haiko kwa TV.

Yangu ni miaka ya tisini, Jumapili, kiwanja cha murram hapa Makadara, fainali ya mitaa. Sisi watoto wa wafanyakazi wa reli na kanjo, wengine miguu mitupu. Wao watoto wa Buruburu, tuliwaita mababi, watoto wa wenye pesa, wote wana njumu mpya. Tukatoka sare. Penalty ya mwisho ilikuwa yangu. Nikaweka kona ya kushoto, kipa wao akaruka ule upande mwingine, nikabebwa mabegani mpaka Jogoo Road.

Tangu hapo tukajiwekea desturi. Kila 25 Mei jioni, mbogi yote, timu nzima ya siku ile, inarudi kiwanjani na tunapiga tena ile penalty. Mmoja wetu anasimama golini akijifanya yule kipa. Mimi napiga kona ile ile, yeye anajirusha upande usio wa mpira, anaanguka kama gunia la viazi. Tunacheka mpaka mbavu zinauma, halafu tunaenda kula matumbo.

Najua kuna mtu atasema ni utoto. Sawa, ni utoto. Lakini mama watoto alifariki, vijana wangu wako na maisha yao, na hiyo ndiyo siku moja kwa mwaka nina uhakika nitakaa na watu wangu.

Sasa mbogi imetawanyika. Wengine wako Kitengela, wengine Ruiru, wengine wamerudi ocha kabisa, kijijini Vihiga na Siaya. Mimi ndiye nilibaki hapa Makadara kwa nyumba ya mzee wangu.

Mwaka huu nilianza kuwakumbusha mapema kwa group. Nikapata thumbs up. Nikapata "tuko pamoja mkubwa". Nikapata ule moto wa emoji.

Siku ikafika, nikaenda na mpira. Nikangoja. Nikapiga simu. Mmoja ako kwa harambee, mwingine ako na kamati ya kanisa, mwingine mteja, simu imezimwa. Jua likaanza kushuka na ni mimi tu.

Wakuu, niliskia vibaya, sitawaficha. Mtu mzima, tumbo mbele, nimebana mpira kwapani, watu wanapita wakinitazama. Nikajiambia napiga hii moja kwa goli tupu, narudi nyumbani, na sitaita mtu tena. Hii kitu ife tu.

Nikaweka mpira chini. Kabla nirudi nyuma nipige, nikaskia sauti kando ya goli.

"Mkubwa, hautaki kipa?"

Ni mzee wa rika langu, nywele zimeanza kuwa nyeupe. Alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka kando ya mlingoti. Nikamwambia asante, ila kuna vile huwa tunafanya hii kitu.

"Naijua," akasema. "Yule kipa ni mimi."

Nikauacha mpira, nikamsogelea.

Akaniambia yeye huvuka Jogoo Road kila mwaka hiyo tarehe, anasimama pale kwa ukuta wa kando ya kiwanja, anatuangalia mpaka tumalize. Nikamuuliza mbona hajawahi kuja hata kutusalimia.

"Mlikuwa mnacheka sana. Ningekuja niseme nini?"

"Na mbona unakujanga?"

"Mimi pia nilicheza hiyo mechi, bwana."

Hakuwa na hasira. Alisema ameniona niko peke yangu, akaona leo anaweza kuingia. Akasimama katikati ya goli, akapanua mikono.

"Piga ile ile. Na usinihurumie."

Sikumhurumia, wakuu. Nilipiga kona ya kushoto na nguvu zote nilizobaki nazo.

Safari hii akaruka kushoto. Alianguka vibaya, vumbi ikapanda, nikadhani ameumia. Alikuwa amelala pale chini amekumbatia mpira kifuani. Akainua kichwa, akaangalia kiwanja chote, huku na huku. Hakukuwa na mtu.

Akanigeukia. "Umeona?"

"Nimeona."

"Sema ukweli."

"Nimeona, mkubwa. Umeushika."

Akabaki pale chini muda, akilia na kucheka. Nikakaa kando yake kwa murram, na mimi machozi yakanitoka.

Usiku group ikaamka. "Ilikuwaje mkubwa?" Nimeandika jibu mara kadhaa nikafuta. Sijui nitaanzia wapi.

Somo langu ni hili. Miaka yote hiyo nilidhani hiyo tarehe ni yetu, kumbe kuna mtu alikuwa akiibeba peke yake ng'ambo ya barabara.

Kwa hivyo hapa chini msiniambie siku mlizoshinda, hizo nishazisikia. Kama kuna siku ulifungwa na hujawahi kuambia mtu, iandike. Nitasoma moja baada ya nyingine. Niko tu nyumbani.