Bafle Nyuma ya Kiti cha Shemeki

Mimi sipigi muziki uliopikwa jana. Hapa Kasongo wapiga sinte wengi, hivi vinanda vya umeme, wanabonyeza kitufe kimoja, mashine inajipigia ngoma yenyewe, wao wanakwenda kula nyama na wageni. Huo ni uvivu, nasema wazi, na mwenye kukasirika akasirike. Mimi na shemeki yangu, bwana wa dada yangu, hatukuwahi kufanya mazoezi hata siku moja. Mimi naweka vidole kwenye sinte, yeye anainamia likembe yake, lile sanduku dogo la mbao lenye vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba. Mmoja anauliza, mwingine anajibu, na hakuna anayejua tunafika wapi.

Likembe ina sauti ndogo. Nilimfungia mikro, kipaza sauti nilichokitoa kwenye redio mbovu, nikaweka bafle, spika kubwa, nyuma ya kiti chake, karibu kabisa na shingo, ili asinipoteze. Siku za kwanza aliniambia, "Shemeki, sogeza ile kitu kidogo. Kichwa inalia mupaka kesho yake." Nikamcheka. "Wee mulimaji wa mihogo, unaogopa muziki?" Shemeki ni mtu wa kutaniwa, naye akanirudishia matusi yake matamu, yakaisha. Bafle ilibaki palepale miaka minne.

Halafu akaanza kuchelewa. Kidogo tu, kama mtu anayefikiri kabla ya kuitika. Napiga, ananyamaza, kisha jibu lake linaingia mahali ambapo sikulitegemea kabisa. Mungu wangu, ilikuwa tamu! Nikajifunza kumwachia nafasi. Kule Nyangwe watu walikuwa wanacheza, mguu unabaki juu, unamsubiri. Wakasema tumeleta mtindo mpya. Dalili zilipita mbele ya macho yangu, nami nikazipigia makofi. Nilivimba kichwa, nikawaambia watu mtindo ni wangu.

Nyumbani dada yangu alilalamika. "Bwana yangu siku hizi haniitiki. Ninamwita mara tatu, iko pale tu anamenya muwa. Mumemufundisha kiburi na hii muziki yenu." Nikamwambia avumilie, wanamuziki ndivyo walivyo. Siku nyingine nikamkuta shemeki nyuma ya nyumba, peke yake, ameuma ukingo wa likembe kwa meno, amefumba macho, anapiga. Sikio la kufa halisikii dawa, na mwenye sikio hilo nilikuwa mimi. Nilidhani ni ufundi mpya, nikamwomba aufanye hata mbele za watu. Alicheka tu, akaifuta likembe kwa shati.

Kiangazi cha mwaka jana mtoto wa kaka yake shemeki aliolewa huko Wamaza. Dada yangu alitangulia na wanawake wengine. Sisi tukafuata kwa pikipiki mbili, sinte mgongoni mwangu, bafle na grupe ya kuwasha umeme zimefungwa nyuma kwa kamba. Kwenye daraja moja la magogo tulishuka, tukatembea. Pikipiki nyingine ikaja nyuma yetu, ikapiga honi, ikapiga tena. Mimi na madereva wetu tukaruka pembeni. Shemeki aliendelea katikati ya njia, polepole, anatazama maji. Mwenye pikipiki ile akamkwepa hadi ukingoni, nusura aanguke mtoni. "Masikio uliacha wapi, wee?" Shemeki akaona mdomo unachezacheza, akampungia mkono kumsalimia.

Nikakumbuka likembe ile kati ya meno yake, na dada yangu anayemwita mara tatu. Nilipaswa kumuuliza palepale. Sikumuuliza, kwa sababu nililiogopa jibu: bila yeye, mimi ni mtu wa kitufe kama wale wengine. Nikajiambia nitamuuliza baada ya arusi.

Tulianza saa tisa ya mchana, jua kali, vumbi linapanda kwenye miguu ya wachezaji. Hatukuwahi kupiga vile. Bibi arusi mwenyewe alivua viatu. Mara grupe ikakohoa, ikazima. Sinte kimya, bafle kimya. Vidole vyangu, kwa mazoea tu, viliteleza kidogo juu ya vitufe visivyo na sauti.

Shemeki akajibu.

Likembe tupu, bila mikro, ilisikika ndogo sana katika ua ule mzima. Nikasimamisha kidole kimoja, akanyamaza, anasubiri. Nikakipeleka kushoto, akachelewa kidogo, kisha akanifuata. Macho yake hayakutoka kwenye mikono yangu. Watu walikuwa wameacha kucheza. Mmoja akaanza kucheka, akajikatiza. Upande wa wanawake dada yangu alisimama, mkono mdomoni.

Shemeki akaniinamia, uso umejaa furaha, akanipigia kelele kama mtu anayeshindana na bafle: "Leo iko tamu, shemeki! Usiache!"

Niliogopa kuinua mikono. Nikaendelea kupiga.