Kura Moja ya Hapana

Buti za mwenye kinu cha kusaga ndizo zilizotangulia kuondoka. Alikuja Jumatatu asubuhi, akazitoa rafuni mwenyewe, kisigino kimoja kikining'inia, akasema atazivaa hivyo hivyo. Jumanne zikafuata za mpiga kengele. Kufikia Jumatano, kwa Embret fundi viatu zilibaki pea tatu, na mbili ni za wanawe.

Kerstin, mkewe, hakuhitaji kuuliza sababu. Jumapili, wanaume wa usharika walipiga kura kanisani baada ya ibada: muungano na Uswidi uvunjike moja kwa moja, ndiyo au hapana? Zilipohesabiwa, ndiyo mia mbili na kumi na moja. Hapana, moja. Norwe nzima watu wa hapana hawakutosha hata kujaza kanisa, na mmoja wao akachagua kutokea hapa, nusu siku kwa miguu kutoka mpakani, ambako watu wanalala na bunduki chini ya kitanda wakingojea Waswidi. Ni nani? Wala hawakusumbua vichwa. Embret si ameoa Mswidi?

Kerstin alikuja akiwa na miaka kumi na tisa, kukamua ng'ombe wa watu machungani kwa kiangazi kimoja tu. Kiangazi hicho kikawa miaka ishirini na miwili. Alizaa watano, akazika wawili, na bado akiomba chumvi dukani walimwiga anavyoongea. Naye aliwajibu kwamba wao huongea kama watu wanaopanda mlima na gunia mgongoni. Tangu Juni, muungano ulipotangazwa umekwisha, hakuna aliyemwiga. Akiingia, wananyamaza. Hilo ndilo lililomtisha.

Alhamisi akaja Oline, mke wa mwenye duka, na karatasi kwapani.

"Kaa, Oline. Kahawa ipo."

"Sikai, mwenzangu, nimebakiza nyumba tatu." Akakaa. "Wanaume wamepiga kura yao, sisi wametuacha nje na sufuria zetu. Basi tunakusanya majina ya wanawake. Yanakwenda bungeni, Kristiania."

"Na mimi umenifikia leo."

"Bora nimekufikia. Kuna waliosema nikupite." Akashusha sauti, ingawa Embret alikuwa hatua nne kutoka pale, akipigilia misumari buti ya mtoto isiyokuwa na kasoro yoyote. "Nakwambia kama dada yangu. Ukitia sahihi, watu watafunga midomo. Usipotia, baridi hiyo inakuja, na ngozi ya viatu hailiwi."

"Inalika ukiichemsha sana," Embret akasema bila kuinua kichwa.

Kerstin akachukua kalamu. Ng'ambo ya mpaka mama yake alikuwa hai bado. Kaka yake ameitwa jeshini, na barua aliyotuma ilifika imeshafunguliwa.

Nyundo ikanyamaza.

Kerstin akatazama. Mumewe ameuma msumari, macho kwenye karatasi, kama mtu anayesomewa hukumu. Hapo akakumbuka Jumapili asubuhi, akimfunga kitambaa cha shingo, Embret alivyomwuliza: "Mpaka ukifungwa, mama yako akifa utamzikaje?" Naye alimjibu tu kwamba anachelewa ibada.

Ni yeye kweli. Watu walikuwa wamepatia.

"Wino unakauka," Oline akasema.

Kerstin akaandika, polepole, jina lote pamoja na la baba yake, kwa Kiswidi: Kerstin Nilsdotter.

"Umeandika jina la kwenu."

"Ndilo nililonalo. Ukifika nyumba zilizobaki, wasomee lote."

Oline alipotoka, Embret akatema msumari. "Umetia kwa ajili yangu."

"Nani kakwambia? Nimetia kwa sababu nataka. Watoto wangu ni wa hapa, na wale wawili kule makaburini ni wa hapa. Mfalme wa Stockholm hajawahi kunipasulia hata kuni."

"Mimi nilidhani..."

"Ulidhani. Umepiga kura kwa ajili yangu, baba watoto, na hukuniuliza. Wanaume wote wamefanya hivyo, lakini wewe ulikuwa karibu."

Embret akajikuna ndevu. "Kwa hiyo Mnorwe wa nyumba hii ni nani?"

"Ni mimi. Na wewe pokea buti, anakuja mtu."

Alikuwa mwenye kinu, anachechemea, buti mkononi. Oline hakuwa amefika hata darajani, habari imeshafika.

"Embret, tulikukosea," akasema, akiziweka mezani. "Mkeo katia sahihi, basi si wewe." Akasogea. "Sasa ni nani?"

Kerstin, mgongo kwao, akashika birika asilolihitaji. Alimjua mumewe: uongo haumkai mdomoni.

Embret akageuza kile kisigino, akakikagua muda mrefu.

"Umekimaliza kwa kukiburuta," akasema. "Njoo Jumamosi."