Wimbo Niliouandika Pajani

Jumapili, Novemba 1996. Mvua ilianza kabla ya misa, ikakatika saa nane. Matope mpaka mlangoni.

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kwa sababu nina tabia ya kuzungukazunguka, na nyie wasomaji mngenionea huruma bure.

Mimi ni katibu wa kwaya hapa Shanwe. Darasa la saba, mwandiko mzuri, basi. Kule Katumba, kwa wakimbizi wa Burundi, yupo mama mtu mzima anayetunga nyimbo kwa Kirundi. Nimwite Mama Yohana, siyo jina lake. Daftari lake lina sharti moja: unalisoma umekaa naye, kalamu hutoi. Kwaya nyingine zilishamwibia. Mimi nilimwona mchoyo. Mpaka leo sijui kama hakuwa mchoyo kidogo, lakini daftari lilikuwa lake.

Kirundi sijui. Siku niliyoshinda kwake nilipenda tu sauti ya wimbo mmoja, aliouimba taratibu akipukuchua mahindi. Nikakariri mistari miwili ya daftarini, nikaaga naenda chooni, nikaiandika kwa kalamu pajani, chini ya kitenge. Nikarudi, nikakariri miwili mingine. Safari tano.

"Tumbo, mwanangu?" akaniuliza. Akanichemshia majani ya mpera. Nikanywa, nikashukuru.

Nyumbani nikanakili kwenye karatasi. Kwaya tukauongezea mwendo na ngoma, na jana tukauimba harusini. Maharusi wakacheza, vigelegele juu. Sikujua Mama Yohana amealikwa upande wa bwana harusi. Akaja mpaka mbele, akaweka kiganja juu ya ngoma. Ikanyamaza.

"Nani kawapa?"

Mwalimu wa kwaya akanionyesha kwa kidevu.

"Hao Bukuru na Butoyi mnaowaimba ni wanangu pacha," akasema. "Walikufa njiani tukikimbia, mwaka wa sabini na mbili. Nyie mmewakatia viuno."

Nikasema sikujua maana yake.

"Ungejuaje? Ulikaa kwangu kutwa nzima, hukuniuliza hata neno moja. Ukanywa na dawa yangu."

Leo mvua ilipokatika akaja kwangu, matope mpaka magotini. Hakukaa.

"Karatasi."

Nikampa. Nikamweleza na habari ya paja, maana nilitaka kumaliza yote. Nikasema nimeshaosha.

"Na kichwani je?"

Nikasema bado upo.

"Basi unao. Usinisalimie tena, hata kanisani." Akaondoka.

Mume wangu alikuwa anasikia yote. "Katibu wa wezi," akasema, "niletee maji ya kuoga." Nilimchukia kwa lile neno, na lilikuwa kweli.

Wewe uliyekatazwa kunakili kitu cha mtu, usitafute pa kupenyea. Muulize kwanza kwa nini kakifunga. Pengine ni uchoyo kweli. Pengine ndani mna watoto wake. Mimi nilikuwa na kutwa nzima ya kuuliza, nikaimaliza kwenda chooni.

Jioni tumekula ugali na dagaa wa Kigoma. Binti yangu mdogo alikuwa ananawa mikono huku anaimba: Bukuru, Butoyi. Nikamwambia anyamaze.

"Si wewe umetufundisha, mama?"

Nikamsogezea sahani.