Nilifuta Sauti Yangu, Rafiki Yangu Akaitwa Mwongo

Admin, nifichie jina tafadhali. Mimi ni msichana wa miaka 23, kwetu ni Bumula, niko mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Kitale. Ndimi rep, mwakilishi wa darasa, na nimechoka. Grupu letu la WhatsApp halipumziki. Unaandika mtihani ni Alhamisi, papo hapo chini mtu anauliza, "Ati rep, mtihani ni lini?" Vidole vilichoka, nikaanza kutuma sauti.

Sasa, sisi wa kwetu r na l hupishana mdomoni. Nilipochaguliwa nilituma, "Asanteni kwa kula zenu." Mpaka leo naitwa Rep wa Kula. Nacheka nao, lakini inaniuma.

Juzijuzi mwalimu aliniambia waliokosa mtihani wataufanyia kwa Ruguru, karani wetu. (Hilo jina siwezi kulibadilisha, ndilo lililoniponza.) Nikatuma sauti huku nafua: "Wale walikosa, mtafanyia kwa Lugulu, Alhamisi saa tatu." Wengine walinielewa. Lakini rafiki yangu, nimwite Cherop, alikuwa kwao Mlima Elgon akimuuguza mamake, ndiyo maana akaukosa mtihani. Akaandika, "Lugulu, si ndio?" Kuna mahali panaitwa Lugulu, na huko ndiko wenzetu huenda mazoezi ya kufundisha, kwa hivyo hakushangaa. Nikamwekea dole la kukubali bila hata kusoma vizuri.

Alhamisi saa nne akanipigia. "Rep, niko Lugulu, mbona sioni mtu?"

Ndipo nikajua ulimi wangu umempoteza. Nikawaza vile grupu litanicheka, nikafuta ile sauti kwa wote, nikaondoa na dole. Cherop nikamdanganya ati simu imeifuta yenyewe.

Alipoenda kujitetea, mwalimu alitaka kuona ujumbe. Kwa simu limebaki swali lake tu, na juu yake "ujumbe huu umefutwa". "Uliuliza, hukujibiwa, na bado ukaenda? Wacha uongo." Sasa atarudia somo zima mwakani.

Jana ameniambia, "Si makosa yako. Niongelee tu kwa mwalimu, bana, wewe anakuamini." Maneno hayo yamenimaliza kuliko kama angenitukana.

Jumatatu tunaingia naye kwa mwalimu. Nimejaribu kujizoeza kusema ukweli mbele ya kioo, lakini nikifika kwa jina la karani, ulimi unasema Lugulu. Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngeanzia wapi: kwa mwalimu, kwa grupu, au kwa Cherop ambaye bado ananiita rafiki?