Usiku wa Ijumaa

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Mama alikuwa akiniambia nitakufa nikihesabu visahani, nione kipi kimeibwa. Kwa hiyo kisima kilipopungua kiangazi kile, hapa mtaani kwetu Makorora, mimi ndiye niliyesema wa kwanza kwamba wenzetu wanatuzidi.

Wenzetu ni watu wa upande wa kanisani. Sisi ni upande wa msikitini. Katikati kuna kisima kimoja cha mashine na tangi lake, ambacho tulichanga wote kukichimba. Wengi wao wametoka milimani, na wazee wao waliishi kwenye kambi za mashamba ya mkonge, wakifanya kazi huko. Sisi tumezaliwa hapa, na tunapenda kulitaja jambo hilo kuliko linavyostahili. Maji yakiwa mengi hakuna upande. Yalipoadimika, kila ndoo ikawa na dini yake.

Tukakaa kikao. Tukakubaliana kila nyumba iteke ndoo mbili asubuhi, kisha bomba lifungwe. Ila mara moja kwa wiki, kila upande ufungue tangi jioni uteke mpaka liishe, wapate maji ya kufulia na ya kuweka akiba. Upande wao ulisemewa na mama mmoja mpole, mwimba kwaya, aliyehamia mtaani miaka miwili nyuma kutoka huko Muheza. Upande wetu nilisema mimi, na kwa kuwa nina mwandiko mzuri, karatasi niliiandika mimi: usiku wa Alhamisi, upande wa kanisani, usiku wa Ijumaa, upande wa msikitini. Akaisoma, akatia sahihi. Kila upande ukapewa ufunguo wake.

Niseme na haki ya mama huyo. Miezi ya mwisho ya mama yangu kitandani, yeye ndiye aliyekuwa akija mchana kumgeuza na kumkata kucha, bila kuitwa. Mama akisikia hodi yake alikuwa akitabasamu kabla hajamwona. Siku ile ya kikao, mama ameshazikwa, nilimwambia kwamba hitma ya arobaini itasomwa usiku wa Ijumaa wa wiki ya tatu, na asikose. Akasema hatakosa.

Wiki ya kwanza tulitoka kuswali magharibi, tukaenda bombani na ndoo zetu, tukakuta matope mapya na tangi limebaki nusu. Niliangalia nyayo. Wiki ya pili, zamu yao ilipofika, nilijibanza dirishani tangu jua linazama. Hakuja mtu, hata mmoja. Nikajiuliza, mwenye shida ya maji anayaachaje maji yake? Jibu nikajipa mwenyewe: wana maji mengine mahali, wanayaficha, na haya yetu wanayachukua kutukomoa. Kesho yake tukatoka tena kuswali, tukakuta tena matope. Sisi tumesujudu, wao wanateka. Nilipita nyumba zote za upande wetu kuwaeleza hivyo, na hakuna aliyenipinga. Jirani mmoja akaongeza kwamba amesikia mashine ikiunguruma usiku wa manane. Mashine ilikuwa imezimwa, lakini tulimwamini.

Wiki ya tatu, siku ya hitma, pilau ilishaiva kwa maji ya kuungaunga, na kwa maji ya wageni nilikuwa nimetegemea tangi. Magharibi ile sikungoja sala. Nilikwenda bombani jua halijazama vizuri, niwakamate. Nikawakuta kweli, wanawake sita na ndoo zao, na aliyeshika bomba ni yeye.

Nikamwuliza anafanya nini. Akanijibu kwa sauti ya chini, mbele ya wenzake.

"Dada, kesho ni yenu. Kesho utateka upendavyo."

Niliona ni kejeli. Anajua leo nina wageni, anajua ni hitma ya nani, halafu ananiahidi maji ya kesho. Sikumkumbusha hitma, kiburi hakikuniacha. Nilimwambia neno ambalo hata leo nikilikumbuka natafuta pa kuweka uso.

"Nyinyi mmelelewa kambini. Mmezoea kunyang'anyana, hata cha maiti mnachukua."

Aliinua ndoo yake ikiwa nusu, akaenda zake. Wenzake wakaendelea mpaka tangi likakauka.

Wageni wangu walinawa kwa maji ya kudondoshewa. Mahali nilipokuwa nimemwekea mama yule, karibu na mlango, pakabaki wazi, na kila aliyeuliza nilimwambia kwa nini.

Ijumaa jioni nilikuwa uani nakwangua masufuria kwa mchanga niliposikia hodi. Ni yeye. Amevaa kitenge cha kutokea, ushungi kichwani, na kapu la magimbi aliyoletewa na ndugu zake wa Amani, huko milimani. Akatazama mikeka iliyokunjwa ukutani.

"Nimechelewa?"

Niliendelea kukwangua.

"Sikuja kwa ajili yako," akasema. "Nimekuja kwa ajili ya mama. Uliniambia usiku wa Ijumaa."

"Ilikuwa jana."

"Jana Alhamisi."

"Mchana ndio ulikuwa Alhamisi," nikasema. "Jua likishazama ni usiku wa Ijumaa."

Nikajisikia mwenyewe ninavyosema. Kwetu usiku hutangulia mchana wake. Nimekua na hesabu hiyo na sikuwahi kufikiri kwamba kuna nyingine. Kwao mchana hutangulia, usiku ukafuata. Karatasi moja, mwandiko wangu, na kila upande ulikuwa ukija kwenye zamu yake, Alhamisi jioni ileile. Akaniambia kwamba watu wake nao, kila Ijumaa jioni, walikuwa wakichungulia bombani wasione mtu. Walisema sisi tuna maji tunayaficha. Nilicheka kidogo, kisha nikaona aibu, ikanipanda mpaka masikioni.

Kesho yake nilifuta neno usiku na kuandika Jumatano wao na Alhamisi sisi, jua likizama. Wapo wa upande wetu wanaoamini mpaka sasa kwamba nilihongwa magimbi. Siwalaumu, ningekuwa wao ningesema hivyohivyo.

Lakini jioni ile nilimpashia pilau iliyobaki, nikainua mtungi nimnawishe mikono, mtungi ukawa mkavu. Akaomba ufunguo. Nikamwambia kwa karatasi yangu leo si zamu ya mtu. Akasema kwa anavyosoma yeye ni usiku wetu, akachukua ndoo, akaenda kuteka. Aliporudi alinimiminia mimi kwanza, maana mikono yangu ilikuwa imejaa masizi. Nikamwomba radhi maji yakiwa yanamwagika, nisilazimike kumtazama. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe.

Akala kidogo. Kisha akaondoka mezani, akakaa chini karibu na mlango, palepale nilipomwekea jana bila yeye kujua, akauliza tulimsomea mama nini. Nikamwambia.

"Basi soma," akasema. "Mimi sijasikia."

Nikaenda kutia udhu kwa maji yake, nikatandika mkeka mmoja, nikaanza Yasini upya.