Mwanangu hataki nimfuate shule, anamtaka "Baada": yaliyonikuta kwa kutafuta picha nzuri

"Mama, kesho usije wewe. Aje Baada."

Hayo kaniambia binti yangu wa chekechea, Jumatatu mchana, tumesimama getini kwa shule yao Raskazone, mdogo wake yuko mgongoni, jua linanichoma utosini. Kasema kwa adabu kabisa, kama anayeomba maji.

Hapo ndipo nilipofika mwisho, wakuu. Sikupiga kelele. Nilimshika mkono nikaenda ofisi ya mtaa, hata nyumbani sikupita.

Salaam zenu wote, wa kike na wa kiume. Ninayoyasimulia ni yangu na sijatia chumvi, maana hata nguvu za kutia chumvi sina. Ninanyonyesha, usingizi nausikia kwa jirani. Mkiona nimeandika kwa ukali mnivumilie au mpite.

Ilianza hivi.

Mdogo alipotimiza arobaini nikasema na mie nipate picha. Za wakati wa mkubwa sina hata moja ya maana, zote nimefumba macho au nimekatwa kichwa. Safari hii nikajipanga. Nikasoma humu humu nyuzi za namna ya kutoka vizuri kwenye picha, nikazikariri kama mtihani wa form four.

Na mengi ni kweli, nisiwe mchoyo. Usipige picha saa saba na jua letu hili la Tanga, macho yanageuka mashimo. Kaa karibu na dirisha, mwanga uje kwa ubavuni. Mafuta ya uso yafute, usiyafunike kwa poda nyeupe, utatoka rangi ya majivu. Kidevu kishushe kidogo. Toa pumzi kwanza ndipo upigwe, ukiibana mabega yanapanda unaonekana kama umekamatwa.

Hakuna uzi ulioniambia niulize picha zangu zitakwenda wapi.

Studio yenyewe iko barabara hiyo hiyo ya shule. Kijana mwenye nayo nitamwita Fundi, si mtu wa huku. Nilifika nimechorwa piko mikononi, leso mpya, mtoto kapakwa wanja. Uso wangu ulikuwa bado umevimba. Sijajipangusa jasho, kilemba kimeteleza, nywele nje, maziwa yamelowesha dera kifuani, nasikia kamera imelia.

"Usijali dada, hiyo najaribu mwanga tu."

Nikaamini. Nikaenda nyuma ya pazia kujitengeneza, nikarudi, tukapiga zile za kweli.

Picha zilipotoka zilikuwa nzuri, siwezi kukataa. Mashavu kayapunguza, pua kainyoosha, ngozi kaing'arisha. Na ile doti ya wanja kwenye paji la mtoto kaifuta, kadhani uchafu. Mtoto wa arobaini, uso mweupe bila kinga ya kijicho, halafu Fundi anangoja nimshukuru.

Hata hivyo nikachagua moja. Nikaiweka profaili.

Siku si nyingi nakuta bango mbele ya studio, refu kunipita. Kushoto pameandikwa KABLA, ni mie na kilemba changu kilichoteleza na maziwa yangu kifuani. Kulia BAADA, ni yule mwingine.

Kuanzia hapo sikuwa tena na jina. Vijana wa bajaji pale kijiweni wakiniona: "Kabla, panda twende. Au unamngoja Baada?" Muuza samaki: "Kabla, leo changu wazuri." Tena yeye hana ubaya, anadhani ndilo jina.

Mama akanipigia simu kutoka Kigombe.

"Mwanangu, nasikia umebandikwa."

"Shikamoo mama. Nimebandikwa wapi?"

"Marahaba. Raskazone. Na kichwa wazi. Huku kwetu anayebandikwa ni anayegombea kura au anayetafutwa. Wewe u yupi?"

Nilicheka, kisha nikalia, kisha mtoto akaamka nikaacha vyote viwili.

Nilimwendea Fundi kwa upole. Akaniambia nimemletea wateja, nijivunie. Nikarudi tena bila upole. Akanitazama, akatazama bango.

"Dada, kwanza huyo wa kulia si wewe. Ni kazi ya mkono wangu. Sasa unadai nini?"

Nikaondoka. Ningeweza kuishi hivyo hivyo, nimezoea kuchoka. Lakini binti yangu anapita pale kila siku, asubuhi na mchana.

Jumatatu ile, njiani kuelekea ofisini, nikamuuliza Baada ni nani.

"Ni mama ambaye hajachoka."

Mtendaji wetu ni mama mtu mzima. Nikampa shikamoo, nikamwaga yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema maneno ya mdomo hayana miguu, andika. Nikaandikia pale pale kwenye benchi, mdogo yuko kwenye ziwa, mkubwa kashika kona ya karatasi isipeperuke. Imepokelewa na imegongwa muhuri.

Nililojifunza ni dogo. Kupendeza kwenye picha si kosa, na dirisha bado ni zuri kuliko filta. Ila kabla hujashusha kidevu uliza: hii ya kujaribu mwanga unaifuta lini? Simama hapo hapo aifute unaona.

Waliowahi kubandikwa waje waseme yaliishaje. Wanasheria nao msikae kimya. Wa kuniambia "si ulipendeza lakini" wapumzike.

Barua niliyopeleka ni hii:

YAH: MALALAMIKO YA PICHA YANGU KUTUNDIKWA BARABARANI BILA RIDHAA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa mtaa wako. Mwenye studio ameweka bango lenye picha mbili na kudai zote ni za mteja wake mmoja. Nilipomfuata alisema mwenyewe kuwa wa kulia si mimi. Nakubaliana naye, wa kulia abaki naye.

Wa kushoto ni mimi. Sikuruhusu awekwe hapo. Naomba ashushwe, kwa sababu ana watoto wawili, na mkubwa anatoka shule saa sita na anapaswa kuchukuliwa na mama yake.