Kamba ya Mtamba Mwekundu

Benedetta alifika soko la ng'ombe la Amagoro jua likiwaka, miguu vumbi tupu. Zilpa, mtoto wake wa pekee, alikuwa amelazwa hospitali ya misheni, paja limevimba kama mtungi. Daktari alisema usaha umeingia kwenye mfupa. Asipopasuliwa upesi mguu utakatwa, na homa ikizidi, hata mguu hautakuwa shida tena. Na misheni haipasui bure. Benedetta alishauza mbuzi, akauza wimbi likiwa bado shambani. Ikatimia nusu tu. Nusu nyingine alikuja kumwomba Odeke, baba ya mtoto, waliyeachana naye.

Odeke alikuwa anakagua meno ya fahali pamoja na rafiki yake, Osukuku.

"Bibi wako wa zamani huyo," Osukuku akacheka. "Amekuja kununua ama kununuliwa?"

"Baba Zilpa," Benedetta akasema, "mtoto anakufa. Nusu ninayo. Toa nusu."

"Mtoto wa nani?" Odeke hakugeuka. "Siku mnarudisha mahari, si niliomba mtamba mmoja abaki kwenu, ndio mtoto ahesabiwe wangu? Wewe ukasema nini mbele ya wazee?"

Benedetta alikuwa amesema, tena kwa sauti, "Rudisheni ng'ombe wote, hata kwato isibaki!" Hakutaka mtu yeyote aje kumdai Zilpa, milele. Wanawake wa kwao wakapiga vigelegele.

"Hata kwato," Odeke akamkumbusha. "Basi mimi si baba. Nenda ukapige vigelegele hospitali."

Benedetta akapiga magoti pale pale kwenye mavi ya ng'ombe. Soko lote likageuka kuangalia.

"Nitukane upendavyo. Lakini homa ikipanda anaita wewe. Haiti mimi."

Odeke akamwacha fahali, akamfungua mtamba mwekundu aliyekuwa amemleta kuuza.

"Ni yule yule niliyeomba abaki kwenu. Ukishika kamba, mahari imerudi kwenu, na mtoto ni wangu. Akipona, anahamia kwangu. Osukuku ni shahidi."

"Odeke, ninaye huyo mmoja tu!"

"Na mimi uliniachia wangapi?"

Benedetta akashika kamba. Mtamba akashtuka, akamburuta. Akamuuza hapo hapo kwa Osukuku, aliyebana bei bila huruma, maana alijua mama huyu hana nafasi ya kukataa. Pesa zikatosha ile nusu, basi.

Kule hospitali, Zilpa alikuwa macho, midomo imekauka.

"Baba ametoa?"

"Ametoa."

Mtoto akatabasamu kidogo. "Nikipona, tutarudi nyumbani kwetu?"

"Pona kwanza, mama yangu."

Wauguzi wakaja kumbeba kwenda kupasuliwa, mlango ukafungwa. Benedetta akabaki kwenye benchi, viganja vimechubuliwa na kamba, akimwomba Mungu mtoto apone, lakini asipone upesi.